Mmoja kasema TB, mwingine kasema Crohn, nimeze dawa za nani?

BARUA

Shikamoo mama,

Nakusoma siku nyingi ila leo ndo nimepata ujasiri wa kuandika, naomba usinitaje jina. Nina miaka 26, niko Mwanza, nafanya uwakala wa pesa za simu karibu na stendi. Kibanda hakina choo na mi kwa siku naenda mara tano mara sita, nafunga dirisha nakimbia choo cha kulipia mpaka yule kijana anayekusanya hela kanizoea, sikuhizi ananiambia dada we pita tu tutahesabiana jioni.

Hii kitu ilianza kama miaka mitatu nyuma. Tumbo upande wa kulia chini linanyonga nikishakula, naharisha, jioni homa inapanda, asubuhi naamka nimelowa jasho. Nikienda kupima naambiwa taifodi na UTI. Mama nimetibiwa taifodi mara saba, nimehesabu kwenye madaftari yangu ya hospitali, sipro, flajili, sindano za siku tano, napoa wiki mbili linarudi. Baadae wakasema vidonda vya tumbo nikala omeprazo na ile dozi ya wiki mbili, wapi. Katikati ya hayo likanitoka jipu pembeni ya njia ya haja kubwa, aibu hata kuandika, bibi akasema ni bawasiri akanichemshia mizizi nikalie mvuke, likapasuka, likarudi, likaja kupasuliwa hospitali na mpaka leo pana kitundu kinatoa majimaji, navaa pedi kila siku ya Mungu.

Mwaka jana mwezi wa nane nikakimbizwa usiku kupasuliwa kidole tumbo. Asubuhi daktari akaniambia binti kidole tumbo chako hakikuwa na shida ya maana ila utumbo wa jirani yake ulikuwa umevimba mwekundu, uwe unafuatilia. Sikujua nifuatilie nini wala wapi.

Nimetoka kilo 58 mpaka 43. Mtaani washasema nimeumia, nimepima HIV mara nne sina, lakini utatembea na karatasi umwonyeshe nani?

Miezi miwili iliyopita ndo nikafanyiwa kipimo cha kamera kwa chini. Ripoti inasema kuna vidonda virefu mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana, katikati kuna sehemu nzima, wakachukua vinyama vinne. Majibu ya vinyama yakaja: granuloma, inaweza kuwa TB au Crohn, oanisha na hali ya mgonjwa. Daktari akaniambia ni TB ya utumbo, nikaanza dawa, leo niko wiki ya sita. Mi sikohoi, picha ya kifua safi, makohozi yenyewe ya kupima nilikosa. Homa kweli imekata na nimefika kilo 45, ila choo kiko vilevile na kitundu kiko vilevile. Na magoti yananiuma, huwa nameza diklofenaki, na vidonda vya mdomoni havinikauki sijui ndo ukali wa dawa.

Sasa wiki iliyopita kaka yangu yuko Muscat akatuma hela niende kwa bingwa wa binafsi. Akasoma ripoti dakika kumi, akasema hii sio TB hii ni Crohn, acha hizo dawa. Akaandika chini "Crohn A2 L3 B1p" na prednisoloni vidonge nane kila asubuhi. Kaka kuona hiyo L3 kaingia kwenye simu kasema ni kansa steji ya tatu, sijalala siku mbili. Mama mkwe mtarajiwa anasema ugonjwa wenye majina mawili hauna jina, huo umetumwa, anamjua mzee mmoja. Harusi ni mwezi wa kumi na mbili.

Mama nimeze dawa za nani? Hiyo L3 ni nini? Na je nitazaa?

Mwenye Tumbo, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, pole. Na pole ya peke yake kwa hicho kitundu, pedi ya kila siku kwenye joto la kibandani ni adhabu, afu unatabasamu na wateja.

Kwanza ulale. L3 sio kansa wala sio steji ya kitu chochote, nitakueleza mbele, mwambie kaka atulie na simu yake. Pili hizo prednisoloni ziache hukohuko dukani. Tatu za TB endelea kumeza kesho asubuhi kama kawaida mpaka daktari aliyekuanzishia akuone tena, na nataka akuone wiki hii sio mwezi ujao.

Wasomaji wapya wajue mi sio daktari, ni nesi mstaafu, miaka kumi na tisa ya mwisho nilikaa chumba cha kamera, nashika mguu wa mgonjwa na kumfutia machozi na kuandika vikopo. Kwa hiyo nitakwambia nilichokiona na kile ambacho madaktari wenyewe walikuwa wanabishania pale mbele yangu kila wiki, na ubishi wako huu ndo ulikuwa namba moja.

Madaktari wako wawili sio wajinga wala hakuna aliyekudanganya. TB ya utumbo na Crohn, yaani ule ugonjwa wa utumbo kuvimba na kuchimbika vidonda miaka na miaka, zinapenda kukaa nyumba moja: mwisho wa utumbo mwembamba pale unapoungana na utumbo mpana, kulia chini, jirani na kidole tumbo. Zote zinakondesha, zote zinaleta homa za jioni, kuharisha, damu kupungua, vidonda ukiingiza kamera, granuloma ukipeleka kinyama maabara. Ndo maana ulipasuliwa kidole tumbo kisicho na kosa, sio wa kwanza wala wa mwisho, ugonjwa ulikuwa unapiga kelele chumba cha pili.

Na hii habari ya kufanana ni ya zamani kuliko bibi yako. Mwaka 1932 daktari Burrill Crohn na wenzake wawili, Ginzburg na Oppenheimer, wa hospitali ya Mount Sinai kule New York, waliandika kuhusu wagonjwa 14 wenye uvimbe mwisho wa utumbo mwembamba, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwaonyesha watu kwamba hii sio TB, maana kabla ya hapo wengi wa namna hiyo walikuwa wanaitwa wa TB tu. Kabla yao mwaka 1913 daktari wa Scotland anaitwa Dalziel alishaandika jambo hilohilo, akasema utumbo wa wagonjwa wake unafanana na wa ng'ombe wenye ugonjwa fulani wa kuharisha na kukonda, ila vimelea vya TB havioni. Kwahiyo mama mkwe akikwambia ugonjwa wenye majina mawili umetumwa, mwambie kwa heshima zote wazungu nao walikaa nao hivyohivyo miaka kibao bila jina, na hakuna aliyewatumia.

Sasa sikiliza vizuri maana hapa ndo penye mzigo. Crohn haina kipimo kimoja ambacho ukiweka tone la damu kinasema ndio au hapana. Malaria ina kipimo hicho, HIV inacho, Crohn hakuna. Inagundulika kwa kukusanya: historia yako, kamera, kinyama, picha, damu, choo, na kuondoa kimoja kimoja kila kinachofanana nayo. Kwetu huku cha kwanza kuondoa ni TB, kwa sababu TB ni nyingi, inapona, na dawa zake bure. Mtu wa Uingereza mwenye tumbo kama lako ataambiwa Crohn mapema tu na mara nyingi watakuwa wamepatia, huku ukikimbilia Crohn unaweza ukamuua mtu.

Namaanisha kuua kabisa. Prednisoloni vidonge nane ni dozi ya kushusha kinga. Kama ni Crohn utasikia raha ndani ya wiki, tumbo linatulia unakula ugali na sangara unamsifu daktari. Kama ni TB na umeacha dawa zake, ile kinga iliyokuwa inaizuia TB umeikalisha chini, inasambaa. Na ukiacha dawa za TB katikati unaitengenezea usugu. Ukikosea upande wa pili, yaani ni Crohn na wewe unameza za TB, hasara ipo, utumbo unaendelea kuumia kwa miezi hiyo, sikatai, ila kwa kawaida ni hasara inayorekebishika. Wala sio TB peke yake, amiba na minyoo fulani wa utumbo wakikutana na steroidi kama hiyo prednisoloni wanageuka simba, ndo maana choo kinapimwa kwanza. Na wewe wa ziwani wakuangalie kichocho cha tumbo pia, hicho nacho kinaleta kuharisha damu na kukonda, nashangaa kwenye barua yako ndefu yote hiyo hakuna aliyekitaja.

Turudi kwenye ripoti yako. Kile kimstari cha maabara "oanisha na hali ya mgonjwa" tulikuwa tunakicheka sana kazini, lakini wana haki, kinyama peke yake mara nyingi hakiamui. Granuloma ni vifundo vidogo vya askari wa mwili waliojikusanya kumzingira adui. Za TB huwa kubwa, nyingi, zimeshikana, na katikati zimeoza kama mtindi mzito. Za Crohn ni ndogo, chache, kila moja kivyake, haziozi, na kwenye vinyama vya wagonjwa wengi wa Crohn hazionekani kabisa. Ripoti yako imeandika granuloma tu, haijasema zimeoza au hazijaoza, kubwa au ndogo. Hilo waulizwe, slaidi zinatunzwa maabara na mtu mwingine anaweza kuziangalia upya bila wewe kuchomwa chochote.

Vidonda navyo vina lugha yake. Vya TB hupenda kuzunguka utumbo kama bangili, na ule mlango kati ya utumbo mwembamba na mpana unabaki umeachama haufungi. Vya Crohn hupenda kwenda kwa urefu kama mfereji, katikati ya mifereji nyama imevimba vipandevipande, we mtu wa Mwanza ushaona mawe yalivyobebana pale ziwani ndo picha yenyewe, afu kipande kibovu kipande kizima kipande kibovu. Na Crohn inapenda kushuka mpaka kwenye njia ya haja kubwa. Vyako ni virefu, vina nafasi nzima katikati, una kitundu huko chini, una vidonda vya mdomoni, una magoti. Kwahiyo nisikufiche, moyo wangu unaegemea kwa huyo bingwa wa binafsi. Crohn inatoka nje ya utumbo, inakamata viungo, macho, ngozi, mdomo. Ila TB nayo inaweza kutoboa kitundu kama hicho, nimewaona, na kuegemea sio kujua.

Kinachoniuma ni vile vinyama vinne. Inashauriwa angalau viwili kutoka kila sehemu kwa sehemu tano tofauti, pamoja na ndani ya utumbo mwembamba na kwenye puru, hata panapoonekana pazima. Na vyote vinne nadhani viliingia kopo moja la fomalini. Hapa ndugu msomaji yeyote unayeenda kufanya kamera nisikilize: fomalini inakausha na kuua, kinyama kikishaingia humo maabara wataangalia kwa hadubini lakini hawawezi kuotesha vimelea vya TB. Vinatakiwa vikopo viwili, kimoja cha fomalini kwa ajili ya hadubini, kingine cha maji ya chumvi safi kwa ajili ya GeneXpert, kile kipimo cha mashine cha kusaka TB, na kuotesha. Mi nilikuwa naviandika kwa kalamu mbili, bluu na nyekundu, na bado siku ya wagonjwa kumi na nne unakuta mwanafunzi kamimina fomalini kote kote, unataka kulia. Na hata vikienda sawa, kwenye utumbo vimelea ni wachache, GeneXpert ikisema hakuna haimaanishi TB haipo, ikisema ipo ndo umepata jibu. Kuotesha kunachukua wiki kadhaa, ndo hivyo, unasubiri.

Sasa kwenye kesi kama yako ambayo haijaamuliwa kinachofanyika sehemu nyingi zenye TB nyingi ni hichihichi alichokianza daktari wako wa kwanza: unapewa dawa za TB afu kamera inarudiwa baada ya miezi miwili au mitatu. Ni kipimo chenyewe hicho, basi tu hawakukwambia. Kama ni TB vidonda vinakuwa vimefunga au karibu kufunga, unamalizia miezi sita yako, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, unaenda zako. Kama vidonda viko palepale na dawa umemeza bila kuruka, hapo TB inaanza kutoka kwenye mchezo, inabaki kujiuliza kama ni TB sugu, na ndo maana nakusumbua na kile kikopo cha maji ya chumvi. Usihukumu kwa homa kukata wala kilo mbili. Watu wa Crohn nao wanapata nafuu kidogo kwenye dawa za TB, wanashangilia, wanamaliza dozi, mwezi wa nane wako mapokezi tena. Macho ya kamera ndo shahidi.

Kuna kipimo cha choo kinaitwa kalprotektini kaka yako atakitaja maana kwenye mitandao kinasifiwa sana. Ni kizuri kutofautisha utumbo wenye moto na utumbo unaosumbua tu bila kuvimba. Kwako moto tumeshauona kwa macho, na TB inakipandisha kama Crohn inavyokipandisha, usitumie hela za Muscat kwa hicho sasa hivi. Hizo hela ziende kwenye CT skani ya utumbo au MRI. Huko wataona kama kuna matezi yaliyooza katikati au maji tumboni, hayo yanavuta upande wa TB, na wataona kama utumbo umebana mahali, na MRI ya chini itaonyesha hicho kitundu kinapita wapi kabla mtu hajaweka kisu tena.

Haya, A2 L3 B1p. Huo ni mpangilio walioukubaliana Montreal mwaka 2005 ili daktari wa Dar akimwandikia wa Nairobi au wa huko Muscat waelewane bila hadithi ndefu. A ni umri uliogundulika nao: A1 ni miaka 16 kushuka chini, A2 ni 17 mpaka 40, A3 zaidi ya 40. Wewe 26, A2, umemaliza. L ni mahali ulipo: L1 mwisho wa utumbo mwembamba, L2 utumbo mpana, L3 vyote viwili, L4 huko juu kwenye tumbo la chakula na utumbo wa juu, na hiyo L4 inaweza kuongezwa juu ya hizo nyingine. Kwahiyo L3 yako ni anwani ya mtaa. Mtu wa L1 anaweza kuwa taabani kuliko wa L3. B ndo tabia: B1 haujabana wala haujatoboa, B2 umebana mpaka chakula kinapita kwa shida, B3 umetoboa kwenda kiungo kingine au kutengeneza jipu ndani ya tumbo. Hiyo p ndogo ni kitundu chako. Kwenye mpangilio wa kabla yake, wa Vienna 1998, kitundu hicho kingekutupa moja kwa moja kwenye B3 pamoja na waliotoboka tumboni, Montreal wakaona sio sawa, wakakitenga kikawa herufi ya kuongeza. A haibadiliki, L kwa wengi inakaa hapohapo, ila B inatembea, mtu anaanza B1 na miaka ikienda bila matibabu anaishia B2 au B3, ndo maana ikithibitika kuwa ni Crohn hutakiwi kuchezea muda.

Ila angalia kitu kimoja ambacho kimenifanya niweke chini kikombe cha chai. Hizo herufi zinasema Crohn ya aina gani, hazisemi kama ni Crohn. Mgonjwa wa TB ya utumbo kabisa ukiamua kumjazia nayo zinajaa, umri anao, mahali anapo. Ni kumpa mtoto jina la ukoo kabla hamjakubaliana baba ni nani. Na hiyo B1 bingwa aliipataje? Hujafanya CT wala MRI ya utumbo, kwa hiyo kwamba hakuna mahali palipobana ndani ya utumbo mwembamba huko kamera isikofika, hilo hakuna aliyeliona. Labda amekisia vizuri. Muulize kwa adabu, bingwa mzuri haoni vibaya kuulizwa.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni moja tu na ni gumu kidogo, wafanye hao wawili waongee. Piga picha ripoti zote, ile ya upasuaji wa kidole tumbo waliandika nini kuhusu huo utumbo mwekundu nenda kaiombe masjala ni haki yako, madaftari yote ya hizo taifodi saba, weka kwenye bahasha moja, rudi kwa daktari wa kwanza umwambie wazi nilienda kwa mwingine akasema hivi. Wagonjwa wengi wanaficha wanaogopa kugombezwa. Agombeze tu. Mwombe akuunganishe na hospitali ya rufaa ya kanda yenye daktari wa mfumo wa chakula, na mpange tarehe ya kamera ya pili, wiki mbili tatu kuanzia sasa utakuwa umegusa miezi miwili. Kama huyo daktari ataona akuongezee kitu kabla ya hapo ataamua yeye, akijua kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa zako za TB, inapunguza nguvu ya prednisoloni mwilini, kitu kingine ambacho hakuna anayekwambia dirishani.

Diklofenaki acha leo. Yenyewe tu inachimba vidonda kwenye utumbo na inaweza kuchokoza Crohn ilalayo, na inaichafua picha, kamera ya pili tutaona vidonda hatujui ni vya nani. Magoti yakiuma waambie, na maumivu yoyote usijinunulie, za TB nazo zinagusa ini, ukiona macho ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi kimbia siku hiyohiyo. Mkojo wa rangi ya machungwa ni wa dawa usiogope huo. Tumbo likijaa kama ngoma ukatapika na upepo hautoki, au kitundu kikivimba na homa ikarudi, au damu ikatoka nyingi, hiyo ni dharura, usisubiri kliniki ya Jumatano.

Harusi ifanyike. Kuzaa utazaa, ikiwa ni TB ukipona umepona, ikiwa ni Crohn wanawake wanabeba mimba na kujifungua, jambo la muhimu ni kushika mimba ugonjwa ukiwa umetulia na daktari akijua, maana kuna dawa mojawapo ya Crohn, methotreksati, haitakiwi kabisa na mimba. Ila kwa sasa ukiwa kwenye rifampisini, vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti vinapungua nguvu, mchumba atumie kondomu au mwende kliniki mpate njia nyingine, sitaki uniandikie tena mwezi wa kwanza na habari mpya. Na mchumba aje kwenye hiyo miadi, akae aone picha za utumbo wako kwenye kompyuta, mwanaume akishaona kidonda kwa macho yake maneno ya mama yake kuhusu kutumwa yanapungua makali. Mama mkwe usibishane naye, muombe tu huyo mzee asikupe chochote cha kunywa mpaka kamera ipite.

Siku moja kabla ya kamera ile dawa ya kusafisha utumbo inywe yote, usiishie nusu kwa sababu ya ladha, utumbo ukiwa mchafu daktari ataishia njiani hataingia kule mwisho wa utumbo mwembamba, na kwako kule ndo penyewe. Muombe kabla hujalazwa kitandani, daktari naomba uingie mpaka utumbo mwembamba, na nesi naomba vikopo viwili. Funga kibanda siku mbili. Na siku ya safari bebea kanga mbili na nguo ya kubadilisha, ile dawa haina adabu, inaweza kukukumbuka ukiwa kwenye daladala.